Sifuri Hadi Nne

Yasna wa zahanati alikuja Alhamisi,
upepo wa Punta Arenas ukimsukuma mgongoni
kama mdai.
Akavua viatu bila kuambiwa, akakaa jikoni,
akatoa karatasi mbili na kalamu ya risasi.
"Don Nolberto, leo sikumfuata Edelmira.
Leo nimekuja kukupima wewe."

Nikakunja mkono wa shati, nikamnyooshea,
nikidhani ni presha.

Akacheka. Maswali ishirini na mawili.
Sifuri ni kamwe. Nne ni karibu kila mara.

Je, unahisi huna muda wako mwenyewe?
Muda wa saa ipi, nikamuuliza.
Ile ya ukutani ina betri.
Yangu mimi ni kibofu cha mke wangu.
Akaandika tatu.

Je, kumtunza kumekudhoofisha mwili?
Hapo nikamsimulia.
Miaka thelathini na minne nilikata manyoya ya kondoo,
shamba baada ya shamba, mia na ishirini kwa siku.
Kondoo hanyanyuliwi kwa nguvu, mwanangu.
Unamshika chini ya makwapa,
unamkalisha kwa makalio, mgongo wake magotini pako,
naye akishajua hutamwangusha, analegea.
Ndivyo ninavyomtoa Edelmira kitandani.
Daktari hakunifundisha. Walinifundisha kondoo.
Naye anajua, na kabla kiharusi hakijamfunga ulimi
angenitukana mpaka mtaa wa pili wasikie.
Akaandika mbili.
Sijui ni mbili ya mgongo wangu au ya kondoo.

Je, huwa unamkasirikia?

Nikaliangalia birika.
Julai, usiku mmoja wa barafu, aliniita mara ya sita.
Nikalala macho wazi,
nikamwacha katika maji yake hadi alfajiri.
Kuita kwake hakukuniinua.
Kunyamaza kwake ndiko kulikoniinua.
Padri sijamwambia. Nimekwambia wewe
kwa sababu una kalamu.

Ni usiku mmoja tu, Yasna.
Usiku mmoja unaandikwaje?
Akaandika moja, akaifuta,
akaiandika tena palepale penye uchafu wa kifutio.

Nywele hakuuliza.
Jumapili humpunguza nywele kwa mkasi wangu wa kazi,
ule ule, nimeutia makali upya.
Wiki iliyopita nilimpulizia shingoni vinywele vilivyobaki,
nusu ya mdomo wake ikacheka,
nusu nyingine ikasubiri.
Nikasema: hapo andika nne.
Akasema nne hiyo haina pa kukaa.

Akajumlisha, midomo ikitembea.
Arobaini na moja. Mzigo wa wastani.
Nikamwambia, bandani arobaini na moja
ni kabla ya chai ya saa nne.
Hakucheka safari hii.

"Na wewe nani anakupima?"
Akasema mama yake yuko Porvenir, ng'ambo ya maji,
na feri haivuki upepo ukizidi.
Nambari hakutaja.

Alipokuwa akifunga kamba za viatu
akauona mlango wa stoo:
chaki, mistari minne na wa tano wa kukatiza,
minne na wa tano,
kutoka juu ya kitasa mpaka karibu na sakafu,
pale ninapopiga goti kuandika.
"Hesabu ya kondoo?"
Hapana. Nimeamka. Kila mstari, nimeamka.
Tangu Machi.

Akasimama mbele yake na kiatu kimoja mguuni.
Karatasi zake hazikuwa na mahali
pa kubandika mlango.

Chumbani Edelmira akagonga kikombe mara mbili,
yaani chai,
au nani huyo,
au njoo.